Jinsi Zambia Ilivyoizima Ivory Coast Libreville

Ivory Coast ilifika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika ya 2012 bila kuruhusu bao hata moja. Ilikuwa na Didier Drogba na Salomon Kalou wa Chelsea, Yaya Touré na kaka yake Kolo wa Manchester City, Gervinho wa Arsenal na Cheick Tioté wa Newcastle. Upande wa pili walisimama vijana ambao wengi wao walikuwa wakisakata kabumbu Lubumbashi, Afrika Kusini, China na nyumbani kwao. Usiku wa Februari 12 mjini Libreville, baada ya dakika 120 bila bao na mikwaju 18 ya penalti, Zambia ilishinda 8-7 na kulitwaa kombe kwa mara ya kwanza katika historia yake.

Simulizi ya ushindi ule inajulikana. Aprili 1993 ndege ya jeshi la anga la Zambia iliyobeba timu ya taifa kwenda Dakar ilianguka baharini mara tu baada ya kuruka kutoka Libreville. Watu wote 30 waliokuwa ndani walikufa, wakiwemo wachezaji 18 na kocha wao Godfrey Chitalu. Mchezaji mwenzao Kalusha Bwalya alinusurika kwa sababu alikuwa anasafiri peke yake kutoka Uholanzi. Mwaka 2012 Kalusha alikuwa rais wa chama cha soka cha Zambia, na siku chache kabla ya fainali alikwenda ufukweni pamoja na wachezaji kuweka maua. Kwa hiyo watu wakasema marehemu ndio waliocheza.

Naelewa kwa nini simulizi hiyo inapendwa, na sina nia ya kuipuuza huzuni ya Wazambia. Ila ikiachwa peke yake inawanyang'anya Kennedy Mweene, Stophira Sunzu, Chris Katongo na wenzao jasho lao. Kombe lile lilichezewa mpira, tena mpira uliopangwa vizuri sana.

Tuanze na uti wa mgongo wa timu. Sunzu na Hijani Himoonde, mabeki wa kati, walikuwa wachezaji wa TP Mazembe ya Lubumbashi. Rainford Kalaba, winga wa kushoto na fundi wa mpira wa timu ile, naye alikuwa Mazembe. Ukitoka Kitwe au Chingola, Lubumbashi iko karibu kuliko Lusaka ilivyo kwa mwendo wa barabara, na fedha za klabu ile iliyotwaa ubingwa wa Afrika 2009 na 2010 zilikuwa zimewavuta Wazambia wengi. Matokeo yake, kocha wa taifa alipokea mabeki wawili waliokuwa wakicheza bega kwa bega kila wiki, katika klabu iliyozoea fainali. Timu nyingi za Afrika hupoteza siku zote za kambi zikijaribu kuunganisha beki anayetoka Ubelgiji na mwingine anayetoka Uturuki. Zambia ilikuta kazi hiyo imekwisha kufanywa.

Kocha mwenyewe, Hervé Renard, alikuwa anarudi. Alishaifundisha Zambia na kuifikisha robo fainali 2010 kule Angola, ambako ilitolewa na Nigeria kwa penalti baada ya suluhu. Aliondoka, kisha akaitwa tena Oktoba 2011, baada ya Dario Bonetti kuondolewa ilhali alikuwa ameshaifuzisha timu. Kumwondoa Bonetti namna ile halikuwa jambo la kujivunia. Lakini Renard hakuhitaji muda wa kujifunza majina. Mweene, Katongo, Kalaba na Himoonde alikuwa nao 2010, na walibeba pamoja kumbukumbu ya penalti zile za Nigeria. Nidhamu nayo hakuifanyia mzaha: Clifford Mulenga alipovunja utaratibu wa kambi na kukataa kuomba radhi, alirudishwa nyumbani mashindano yakiendelea.

Uwanjani mpango ulikuwa mistari miwili ya watu wanne wanne, yenye nafasi ndogo kati yake. Mbele yao alikuwa Emmanuel Mayuka, kijana mwenye mbio, na nyuma yake kidogo nahodha Katongo. Kazi ya Katongo ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Zambia ikipoteza mpira alishuka na kusimama karibu na kiungo wa wapinzani anayeanzisha mashambulizi, kiasi kwamba pasi ya kwanza ya kupenya katikati ilikosa njia na ikalazimika kwenda pembeni. Ikiupata mpira, yeye ndiye aliyekuwa kituo cha kwanza: anaupokea akiwa ameligeuzia lango mgongo, anaushikilia sekunde mbili, Kalaba na Chisamba Lungu wanachomoka pembeni.

Mechi ya kwanza ilionyesha makali ya mpango huo. Senegal walikuja Bata na orodha ya washambuliaji wa kuogofya, lakini dakika ya 20 Zambia ilikuwa inaongoza 2-0 kupitia Mayuka na Kalaba, na ikamaliza 2-1. Dhidi ya Libya, kwenye uwanja uliojaa maji, ilitoka sare ya 2-2. Ikaifunga Equatorial Guinea 1-0, kisha Sudan 3-0 katika robo fainali. Tangu sare ile ya Libya, kipa Mweene hakufungwa tena hadi kombe likanyanyuliwa, ukiacha mikwaju ya mwisho.

Nusu fainali dhidi ya Ghana ndiyo mechi ya kuirudia ukitaka kuielewa timu hii. Dakika ya nane Ghana wakapata penalti, Asamoah Gyan akapiga, Mweene akaokoa. Ghana walitawala mpira muda mrefu, nao Zambia walikubali kuteseka bila kutawanyika. Mapumziko Renard alimwingiza Mayuka, ambaye hakuanza siku hiyo. Dakika ya 78 kijana huyo alipokea mpira nje kidogo ya eneo la hatari, akageuka, akauzungusha ukagonga nguzo na kuingia. Mabeki waliokuwa wamekimbia zaidi ya saa nzima wakakutana na miguu mipya. Hapo pana hesabu ya kocha.

Fainali ilianza kwa Zambia kushambulia, jambo ambalo wengi wamelisahau. Dakika ya pili walicheza kona iliyofanyiwa mazoezi, mpira ukarudishwa chini kwa Nathan Sinkala, na kipa Boubacar Barry akauokoa kwa mguu. Mapema tu Joseph Musonda, beki wa kushoto, aliumia na kutoka akilia. Nyambe Mulenga akaingia na mstari haukuyumba. Ivory Coast, pamoja na majina yote yale, walipata nafasi za wazi za kuhesabika: shuti la Yaya Touré lililotoka nje kipindi cha kwanza, la Max Gradel mwishoni, na penalti ya dakika ya 70, Isaac Chansa alipomwangusha Gervinho. Drogba aliipaisha juu ya mwamba.

Kocha François Zahoui alimtoa Yaya Touré dakika 90 zikielekea ukingoni. Kwa maoni yangu lilikuwa kosa kubwa kuliko penalti ya Drogba. Muda wa nyongeza ulikuwa mlangoni, na Ivory Coast ikauingia bila kiungo wake pekee aliyeweza kupasua ule ukuta kwa mbio za mpira mguuni. Katika muda huo nafasi bora ilikuwa ya Zambia: Katongo aliunganisha krosi ya mdogo wake Felix, Barry akaugusa, ukagonga nguzo.

Kwenye matuta Ivory Coast walitangulia kupiga. Mweene aliokoa mkwaju wa Souleymane Bamba, mwamuzi akaamuru urudiwe, Bamba akafunga. Timu nyepesi ingevunjika moyo hapo. Drogba alifunga wa tano, na aliyefuata kwa Zambia alikuwa Mweene mwenyewe. Angekosa, kombe lingekwenda Abidjan. Kipa akafunga. Mkwaju wa Kolo Touré ukaokolewa, Kalaba akapaisha, Gervinho akakosa, Sunzu akamaliza kazi. Baadaye Renard alimbeba Musonda mikononi na kumpeleka walikokuwa wenzake wakisherehekea.

Miaka mitatu baadaye Renard huyohuyo aliipa Ivory Coast kombe mjini Bata, dhidi ya Ghana, suluhu na mikwaju 9-8. Hakuna anayesema mizimu ya Abidjan ndiyo iliyopiga. Zambia yenyewe ilitoka hatua ya makundi 2013 kwa sare tatu, ikatoka tena hapohapo 2015, kisha ikakosa kufuzu fainali tatu mfululizo. Ilirudi kwenye zile zilizochezwa Januari 2024, na mjini San Pedro iliongozwa na Tanzania kwa bao la Simon Msuva tangu dakika ya 11. Ikabaki na watu kumi, lakini Patson Daka akasawazisha dakika ya 88. Watanzania tunaikumbuka mechi ile kwa uchungu. Mimi niliona pia mstari wetu wa kiungo ukirudi nyuma hatua kwa hatua mbele ya timu pungufu, hadi krosi zikaanza kushuka ndani ya boksi letu.

Kenya, Uganda na Tanzania zimepewa uenyeji wa fainali za 2027. Makocha na viongozi wa soka wa nchi hizi tatu, kaeni chini muitazame tena fainali ya Libreville, dakika zote 120. Tazameni anakosimama Katongo kila Zambia inapopoteza mpira. Kisha muwape mabeki wenu wawili wa kati, wale mnaowaamini, mechi za kutosha wakiwa pamoja kuanzia sasa.