Tina Turner Anavyochelewesha Chemko

Ukitaja "Proud Mary", wengi wanakumbuka miguu: Tina Turner na akina dada wa Ikettes, waitikiaji wake, wakizunguka jukwaani, nywele zikiruka huku na huko. Mimi siku hizi nairudia nusu ya kwanza, ile ambayo watu huivumilia tu wakisubiri mambo yaanze.

Wimbo si wa kwao. John Fogerty wa Creedence Clearwater Revival aliutunga, bendi yake ikautoa 1969, ukafika namba 2 Marekani. Proud Mary ni meli ya mvuke, ile inayosukumwa na gurudumu kubwa la kupiga maji. Fogerty aliuimba kwa mwendo mmoja tangu gita linapolia hadi mwisho, kama chombo kilichokwisha kukolea safari. Tina na mumewe Ike walipoutoa 1971, meli ilikuwa bado imefungwa gatini.

Tina anaanza kwa kuongea. Gita linadonadona nyuma yake, naye yuko chini, kama anazungumza na wageni sebuleni. Anawaambia waziwazi kwamba wataanza taratibu na kumalizia kwa vurugu. Siri yote kaitoa mlangoni, na bado utashtuka.

Kisha beti zenyewe. Ike, kwa sauti nzito ya chini kabisa, anarudiarudia habari ya mto, na Tina anapita juu yake bila haraka. Sauti ile ya kupasua dari kaifungia. Unasikia mkwaruzo ukichungulia mwishoni mwa neno, anaurudisha ndani. Kupiga kelele si kazi. Kazi ni kuwa nazo kifuani na kuziambia zingoje.

Sikiliza anapofika kwenye kuosha vyombo Memphis. Kwa Fogerty, kijana wa California, huo ulikuwa ubunifu. Tina alikulia Nutbush, Tennessee, sehemu ya mashamba ya pamba isiyo mbali na Memphis, na utotoni alichuma pamba hiyo. Mwingine angeutilia machozi mstari ule. Yeye anautaja kama kazi aliyoiacha jana, basi, anasonga mbele.

Halafu dramu zinapasuka, tarumbeta zinavamia. Wapenzi wa muziki wa dansi hatuhitaji kuelezwa: ndilo chemko hilo, pale wimbo unaposhika kasi. Ila kwa bendi zetu chemko mara nyingi ni la magita, mashairi yamekwisha na kazi iliyobaki ni kucheza. Tina anarudi mwanzo wa hadithi na kuimba maneno yaleyale aliyoyasema kwa upole dakika chache nyuma. Hakuongeza kisa. Kazi ya mjini anayoitaja wimbo unapoanza inaachwa mara ya pili, na safari hii unamwona anayeiacha akikimbia.

Toleo hilo liliishia namba 4, likapata tuzo ya Grammy. Kuliita kopi naona haya.

Tina alimwacha Ike 1976, lakini wimbo akaondoka nao. Sauti nzito ikachukuliwa na wanaume wengine wa bendi. Katika ziara yake ya mwisho, iliyokwisha 2009 akiwa na miaka 69, kumbi zilijaa watu waliojua fika kinachofuata, na angeweza kabisa kuruka moja kwa moja kwenye mbio. Bado aliwaanzia na maongezi, taratibu, akiwasubirisha.