Paa linalovuja kabla ya mvua

Oktoba inapoelekea ukingoni, joto la Katavi huwa kali na mvua za Novemba bado hazijafika. Maji yakidondoka kitandani kutoka darini mwa gari-nyumba kuukuu wakati huo, mwenye gari huchanganyikiwa. Fundi mwenye haraka hupanda juu na tyubu ya silikoni, akapaka kila skrubu na kila mwanya anaouona, akalipwa akaenda zake. Usiku wa pili matone yanarudi palepale.

Swali la kwanza lilipaswa kuwa hili: kama hakuna mvua, maji haya yametoka wapi?

Mara nyingi yametoka kwenye kiyoyozi chenyewe. Magari ya namna hii hupita njia ya magharibi, kutoka Kigoma kuja Mpanda, kisha Sitalike na Sumbawanga, yakiikatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi iliyoanzishwa mwaka 1974 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 4,471. Humo mna mbung'o, na mbung'o hufuata chombo kinachotembea, hasa chenye rangi ya buluu au nyeusi. Abiria hufunga madirisha, hufunga na vifuniko vya paani, kiyoyozi kikaachwa kifanye kazi peke yake. Unyevu wa pumzi za watu na wa sufuria iliyo jikoni hugusa koili baridi, ukageuka maji. Maji hayo hushukia kwenye karai lililo chini ya koili, yakatokea kwenye vitundu vyake na kumwagika juu ya paa, nje. Ndivyo mtambo ulivyoundwa.

Ubaya uko chini ya karai. Kiyoyozi cha paani hukaa juu ya tundu la mraba lenye upana wa takribani sentimita 36, kati yake na paa pakiwa na gasketi ya sponji, na kwa kawaida hubanwa na bolti nne zinazokazwa kutokea ndani. Barabara ya vumbi yenye matuta kama ya bati hutikisa bolti hizo mpaka zikalegea. Gasketi nayo huzeeka na kuwa bapa. Vumbi na majani makavu huziba vitundu vya karai. Kila kosa lina dalili yake, na kipimo ni rahisi: mtambo ukiwa umezimwa, mimina maji kidogo kidogo ndani ya karai uangalie yanakotokea. Yakijaa bila kutoka, vitundu vimeziba. Yakitoka vizuri juu ya paa kisha yakaingia ndani kwa kupitia chini ya fremu, gasketi ndiyo mgonjwa. Bolti zikazwe kwa zamu, kidogo kila moja; anayekaza kwa nguvu zote huiua gasketi iliyokuwa bado na uhai.

Kuna chanzo kingine ambacho wengi hawakitafuti kwa sababu hakiko paani. Gari likiinamia upande mmoja, maji hukusanyika upande huo wa karai na yanaweza kufurika kabla ya kufika kwenye kitundu. Na gari kubwa lililojengwa juu ya chasisi ya basi lenye mipira ya upepo badala ya springi za chuma huinama usiku kwa sababu moja kubwa: upepo unavuja. Mipira hiyo hulishwa na upepo uleule wa breki, hivyo hapo fundi wa paa na fundi wa breki wanatafuta kosa lilelile.

Mpanda ni mahali pazuri pa kulitafutia. Malori yanayobeba mahindi, na mpunga wa Mpimbwe, yanatumia breki za upepo, na fundi anayeyahudumia anazijua kompresa, vali, mabomba na dayaframu. Kwanza huweka vigingi kwenye magurudumu, kisha huwasha injini mpaka kompresa ijaze tangi na kukata, aghalabu karibu na psi 120. Anazima injini, anaachia hendibreki, anatazama geji. Katika mitihani ya madereva wa magari makubwa Marekani, gari lisilo na tela halitakiwi kupoteza zaidi ya psi 2 kwa dakika moja, au psi 3 pedali ikiwa imekanyagwa. Presha ikishuka pale tu pedali inapokanyagwa, chemba za breki zichunguzwe kwanza. Geji ikitulia lakini gari likaendelea kuzama, macho yahamie kwenye mipira na vali ya kusawazisha urefu. Geji inaweza kudanganya hapa, kwani vali ya ulinzi huikatia mipira upepo presha inaposhuka ili breki zibakiwe na akiba. Povu la sabuni linalopakwa kwenye viungo humaliza ubishi.

Mtu asiingie chini ya bodi iliyoshikiliwa na upepo peke yake, iwekewe stendi. Chemba ya nyuma yenye springi ya hendibreki haifunguliwi gerejini. Springi yake imebanwa kwa nguvu inayoweza kuua, kwa hiyo hubadilishwa nzima.

Gari likishasimama sawa na karai likawa safi, ndipo paa lenyewe lipimwe. Maji ya mpira huanzia chini ya ukuta na kupanda polepole, kiungo kimoja kwa wakati, mtu mwingine akiwa ndani na tochi. Yakianzia juu, kila kitu hulowa na hakuna kinachojulikana. Silikoni ya kawaida kwenye paa la mpira ni kosa la gharama: haishiki vizuri, na gundi sahihi ikija kupakwa juu yake nayo haishiki, mpaka ile ya kwanza ikwanguliwe yote. Mafuta ya petroli yasitumike kuisafisha, maana huvimbisha mpira. Mahali panapobonyea kwa kiganja pana mbao iliyooza, na kupaziba ni kufungia maji ndani. Pafunguliwe, pakaushwe, mbao ibadilishwe.

Kazi hiyo ya gundi imalizwe kabla ya Novemba, kwani baada ya hapo Mpanda hupata mvua mpaka Aprili, na gundi haishiki kwenye paa lenye unyevu.