Mshono wa Sinners Uko Wapi?

Mwanzoni mwa Sinners, filamu ya wanyonya damu ya Ryan Coogler iliyotoka Aprili 2025, mapacha Smoke na Stack wameegemea gari lao wakimsubiri mtu. Sigara inatoka mkononi mwa mmoja na kuingia mkononi mwa mwenzake. Hakuna anayeitolea maneno, wala kamera haiisogelei. Ila wote wawili ni Michael B. Jordan, na sigara hiyo ndiyo iliyowatoa mafundi jasho.

Sinema imekuwa ikitengeneza mapacha bandia tangu enzi za picha bubu, na mbinu ya zamani unaijua ukiiona: huyu kushoto, yule kulia, katikati nguzo au mlango, na hakuna anayethubutu kuvuka. Kamera nayo imegandishwa, kwa sababu ikitikisika kidogo tu nusu mbili za picha hazikutani. Coogler na mpiga picha wake mkuu, Autumn Durald Arkapaw, walitumia mtambo unaoongozwa na kompyuta, ambao hukariri mwendo wa kamera na kuurudia vilevile. Jordan aliigiza upande mmoja huku Percy Bell, mwigizaji mbadala, akishika nafasi ya pacha, kisha Jordan akabadili nguo na kuigiza upande wa pili. Mshono wa picha ukawa unahama pamoja na mikono, haukukaa katikati kama zamani.

Pale wanapokabana mwili kwa mwili, mtambo huo hautoshi. Hapo Jordan alivishwa mabegani duara lenye kamera kadhaa zinazomtazama kutoka pembe zote, akarudia igizo lake, halafu kichwa chake kikapandikizwa kwenye mwili wa Bell. Ni mbinu ya gharama, na vizuri waliitumia kwa ubahili.

Mimi naamini sigara imewekwa mapema kwa makusudi. Mtazamaji anayejua kuwa stelingi ni mmoja huingia ukumbini na macho ya polisi. Akitafuta kasoro mara mbili tatu akaikosa, anachoka na kuanza kufuatilia hadithi. Kuanzia hapo kazi inabebwa na mavazi ya Ruth E. Carter, buluu kwa Smoke na nyekundu kwa Stack, na zaidi ya yote na mwili wa Jordan mwenyewe. Smoke haongei sana na mabega yake ni mazito. Stack tabasamu limemtangulia. Nusu saa ikipita, unawatofautisha hata wakiwa wamekupa mgongo.

Mshono mgumu kuliko huo uko kwenye ngoma ya usiku. Ni Mississippi, mwaka 1932, na kijana Sammie, anayeigizwa na Miles Caton, anapiga gitaa kilabuni. Anapoimba, wanajitokeza watu wa nyakati nyingine: mpiga gitaa la umeme, DJ, wacheza ngoma wa Afrika Magharibi, wachezaji wa opera ya Kichina. Kamera inazunguka katikati yao kana kwamba haikuzimwa hata mara moja.

Tatizo ni hesabu. Kwenye mkanda wa kawaida wa milimita 35, futi 1,000 zinakupa kama dakika 11. Kwenye IMAX, mkanda mpana zaidi uliotumika kwa tukio hili, kila picha inakula matundu 15 ya mkanda badala ya manne, kwa hiyo futi hizohizo zinakwisha kabla ya dakika 3. Kamera yenyewe ni nzito, na hapa aliyeibeba ni binadamu aliyeifunga mwilini. Kwa hiyo unachokiona kama pumzi moja ni vipande vilivyounganishwa, na kiungo kikubwa kimefichwa darini: kamera inapanda juu, paa linashika moto, na ghafla tuko nje.

Lakini anayekufanya usilione hilo ni mtunzi wa muziki, Ludwig Göransson. Wimbo, aliouandika na Raphael Saadiq, hauna mahali unapokatika. Kila mgeni anaingia na ala yake juu ya mdundo uleule. Sikio likishasadiki kwamba hakuna kilichokatwa, jicho halina ubishi. Jaribu kulitazama tukio hilo bila sauti, utaona linavyopungua nguvu.

Kuna mshono mmoja ambao Coogler alitaka uonekane. Sehemu kubwa ya filamu ni picha pana sana, upana mara 2.76 ya kimo, kisha kwenye matukio ya IMAX picha inafunguka juu na chini. Kwenye kumbi za kawaida umbo halikubadilika. Kumbi zenye mashine ya kuonyesha mkanda wenyewe wa IMAX ni za kuhesabika duniani. Hata Clarksdale, mji ambamo hadithi inatokea, haukuwa na jumba la sinema, na wakazi wake waliandika ombi ndipo wakaletewa filamu.

Pambano la mwisho na wanyonya damu ndilo lililonikatisha tamaa. Giza, vipande vifupi vifupi, na baada ya muda hujui mlango uko upande gani wala nani amebaki hai. Filamu iliyochunga nafasi kwa makini namna ile ilistahili ramani bora zaidi.

Sasa macho yangu yako kwa The Odyssey ya Christopher Nolan, iliyopangiwa 17 Julai 2026, iliyopigwa yote kwa kamera za mkanda wa IMAX. Milima, bahari na merikebu hazinipi wasiwasi. Kamera hizo hunguruma kiasi cha kumeza sauti ya mwigizaji, ndiyo maana waongozaji wengi huzitumia kwenye vurumai na kuzikwepa kwenye mazungumzo. Nolan ametengenezewa kasha jipya la kuzima mngurumo. Nitakachokikagua mimi ni Matt Damon akinong'ona, uso umejaa skrini, na kama ile ni sauti ya siku ileile au ameirudia studio miezi kadhaa baadaye.