Wimbo na Kipimo Chake: Mwanamuziki wa Kujitegemea katika Soko la Kenya

Wahakiki wa nyimbo wamezoea kuyatoa maneno ya wimbo, kuyapanga beti kwa beti juu ya karatasi, kisha kuyachambua kana kwamba yalizaliwa hapo. Fani hutajwa, maudhui hutajwa, ala huguswa kidogo. Soko huachiwa wachumi. Makala haya yana dai moja: kwamba urefu wa wimbo, mpango wa beti zake, mahali pa kiitikio, na hata jina linaloandikwa kuwa la mtunzi, ni mambo ambayo kwa sehemu kubwa huamuliwa na chombo kinachouzia wimbo na mtu anayekimiliki chombo hicho. Ikiwa ndivyo, basi swali la nani anayejitegemea katika muziki ni swali la uhakiki pia, wala si la biashara peke yake.

Ushahidi wa kwanza umo katika santuri. Siti binti Saad aliporekodi mjini Bombay mwaka 1928, upande mmoja wa santuri ya mizunguko 78 ulikuwa na nafasi ya dakika tatu hivi. Wimbo uliozoea kukaa barazani hadi usiku mwingi ulibidi kukatwa ulingane na sahani. Kwa hiyo anayezisoma nyimbo hizo leo na kusifu ufupi wake kama uamuzi wa kisanaa huenda anamsifu fundi wa mitambo. Hali haikubadilika sana ilipokuja santuri ndogo ya mizunguko 45, ambayo ndiyo iliyotawala Nairobi katika miaka ya 1960 na 1970. Wimbo mmoja ukagawanywa sehemu mbili, moja kila upande. Mara nyingi maneno yalitangulia upande wa kwanza, na magita yakaachiwa upande wa pili yachemke. Mtunzi wa benga au wa rumba alijifunza kuikamilisha hoja yake kabla msikilizaji hajainuka kuigeuza sahani. Kilichofuata kilikuwa cha miguu. Huo ni muundo wa kishairi uliozaliwa kiwandani, nao unastahili kuelezwa kwa uzito ule ule unaopewa mizani na vina. Aidha, mwanafunzi anayenukuu upande wa kwanza tu, kama inavyotokea katika tasnifu nyingi, amenukuu nusu ya wimbo.

Sasa ni nani aliyekimiliki kiwanda? Katika studio ya Equator ya Charles Worrod, waimbaji kama Fadhili William na Daudi Kabaka walifanya kazi chini ya mwenye studio. Nyimbo zao zilisafiri mbali kuliko wao: wimbo wa Kabaka, Helule Helule, uliimbwa na kundi la The Tremeloes la Uingereza mwaka 1968. Malaika, ambao Fadhili aliurekodi na Miriam Makeba akaueneza duniani, uliacha ubishi juu ya mtunzi wake ambao haukuwa umekwisha Fadhili alipofariki mwaka 2001. Ubishi huo ni zao la soko ambalo liliitunza sahani vizuri kuliko lilivyotunza kumbukumbu ya aliyeitunga.

Wapo walioona mapema kwamba dawa ni kumiliki. David Amunga alianzisha Mwangaza, duka na nembo ya santuri iliyokuwa mali ya Mwafrika. Joseph Kamaru (1939–2018), mwimbaji wa Gikuyu, alifika mbali zaidi, maana alikuwa mtunzi, mtoaji na mwenye duka la kuuzia nyimbo zake mwenyewe. Matokeo yake yanasikika katika maudhui. J. M. Kariuki alipouawa mwaka 1975, Kamaru alitoa wimbo juu ya kifo hicho. Ni vigumu kumfikiria mfanyabiashara wa kigeni, mwenye leseni ya kulinda, akiukubali wimbo wa namna hiyo bila kusita. Wanaomsifu Kamaru kwa ujasiri wanasema kweli, lakini ujasiri bila duka ungebaki nyumbani.

Kanda za kaseti, zilizoenea katika miaka ya 1970 na kushika soko katika miaka ya 1980, zilileta neema na balaa kwa pamoja. Neema iliwafikia washairi wa taarabu ya Mombasa. Kanda ilikuwa na nafasi ya shairi zima na bado ikabaki nafasi ya kurudia ubeti uliowagusa waliohudhuria arusi. Mohamed Khamis Juma Bhalo aliziimba tungo za binamu yake Ahmad Nassir, ambaye diwani yake ilichapishwa mwaka 1966 chini ya uhariri wa Lyndon Harries. Hapa shairi la kitabuni na shairi la kaseti ni ndugu wa baba mmoja. Balaa ni kwamba kila mwenye mashine mbili alikuwa mchapishaji. Kanda iliyonakiliwa iliandikwa jina la mwimbaji kwa kalamu, basi. Mshairi akatoweka. Wizi huo uliwaangusha watoaji wa santuri wa Nairobi na kumnyima mtunzi pesa. Kwa wanafunzi wa fasihi, hasara iliyo kubwa zaidi ni ile ya majina.

Siku hizi inasemwa kwamba mtandao umemkomboa mwanamuziki, na kila asiye na mkataba na kampuni huitwa msanii wa kujitegemea. Neno lenyewe limeshuka thamani. Katika Azimio la Arusha la mwaka 1967 kujitegemea kulikuwa mpango wa jamii nzima. Katika muziki wa leo, mara nyingi maana yake ni kukosa wa kukulipia studio. Msanii huyo hujirekodi, hujipiga picha, hujitangaza, kisha huukabidhi wimbo kwa wenye mitambo ambao hajawahi kuwaona. Nao wana vipimo vyao. Spotify, iliyoingia Kenya mwaka 2021, huhesabu wimbo kuwa umesikilizwa baada ya sekunde 30, na tangu mwaka 2024 hailipi chochote kwa wimbo ambao haukusikilizwa mara 1,000 katika miezi 12. Skiza ya Safaricom humpa mpigaji simu kipande tu cha wimbo wakati anaposubiri kujibiwa. Sheria ya Hakimiliki iliporekebishwa mwaka 2022, mgawo wa mapato ya nyimbo za simu uliwekwa hivi: asilimia 52 kwa msanii au mwenye haki, 39.5 kwa kampuni ya simu, na 8.5 kwa mtoa huduma wa kati. Marekebisho hayo ni ya haki kuliko yaliyotangulia, lakini sheria haikugusa kipimo. Utangulizi wa ala umefupishwa au umeondolewa. Kiitikio kimesogezwa mbele. Fumbo linalohitaji beti nne ili lifumbuke halina mahali pa kukaa. Siti alibanwa na dakika tatu. Mrithi wake anabanwa na nusu dakika, naye anaambiwa yu huru.

Hata hivyo si haki kuukataa mtandao wote. Mjukuu wa Kamaru, naye Joseph Kamaru kwa jina na mwanamuziki anayejulikana kama KMRU, amekuwa akizitoa upya rekodi za babu yake kupitia Bandcamp, ambako mwenye kazi hujipangia bei. Kwingineko santuri za zamani hupandishwa na yeyote aliyezipata sokoni. Pande mbili huunganishwa kimyakimya na mtunzi huachwa wazi, wakati mwingine hata mwaka hukosewa. Idara za lugha zinazofundisha nyimbo hizi zina kazi ya kufanya kabla waimbaji waliobaki hawajaondoka: kuorodhesha kila santuri na kila kanda kwa mtunzi wake, mwimbaji wake, upande wake na mwaka wake. Nyimbo za taarabu ndizo zianze, kwa kuwa huko mtunzi na mwimbaji mara nyingi ni watu wawili, na jina la wa kwanza halikuandikwa popote.