Hitilafu Hukaa Kwenye Maungio

Roboti iko mezani. Mwanafunzi anabonyeza kitufe: magurudumu yanashtuka, taa inazimika, kisha mtambo unajiwasha upya kama mtu aliyezirai. Anabonyeza tena, yaleyale. Aliyeandika programu anaapa kwamba programu yake haina kasoro. Wa umeme anaonyesha nyaya zake, zimelehemiwa safi. Wa mitambo anazungusha gia kwa kidole, zinateleza kama zimepakwa samli. Wote watatu wanasema kweli, na roboti haiendi.

Mwalimu amesimama pembeni. Jawabu analijua tangu taa ilipozimika, lakini hasemi. Anasogeza mita ya umeme mezani na kuuliza: "Mota zinapoanza kuvuta, betri inabaki na volti ngapi?"

Swali hilo moja, na ukimya unaolifuata, ndio ufundi ninaousifu.

Mota inayoanza kuzunguka kutoka kusimama hunyonya umeme mara kadhaa zaidi ya inapokuwa mwendoni. Volti ya betri hushuka ghafla, na kompyuta ndogo inayoiongoza roboti hukosa nguvu, ikazimika. Basi kosa ni la nani? Wa mitambo ataweza kupunguza uzito na kubadili gia. Wa umeme ataitengea kompyuta chanzo chake cha nguvu. Wa programu ataziamuru mota ziongeze kasi polepole. Dawa ni tatu, na hakuna hata moja inayopatikana kwa kumtafuta mkosaji.

Mafundi wa majahazi wanalijua jambo hili. Mbao zikiwa nzima, maji hupenya kwenye maungio. Ndiyo maana fundi hushindilia pamba iliyolowa mafuta katikati ya ubao na ubao. Fani za chuo kikuu nazo ni mbao nzuri, kila moja imerandwa miaka mingi. Anayefundisha roboti kwa kazi za vikundi ni mkalafati wa fani hizo.

Ufundi huu una wazee wake. Katika miaka ya 1970, Woodie Flowers wa MIT, Marekani, aliwagawia wanafunzi wake wa usanifu mafurushi yanayofanana ya vipande na vikorokoro. Kila mmoja aunde mashine yake, kisha mashine zishindane mbele ya watu. Aliwataka wapambane kwa nguvu zote bila kuacha kuheshimiana. Mwaka 2007, Worcester Polytechnic Institute ikawa ya kwanza nchini humo kuanzisha shahada ya kwanza ya uhandisi wa roboti, ikiunganisha mitambo, umeme na kompyuta. Flowers alionyesha kwamba mkono hufunza kichwa. Darasa la vikundi limeongeza funzo la pili: kichwa kimoja hakitoshi kwa mashine moja.

Lakini kuwakalisha watu meza moja si kuwaunganisha. Mwalimu asiye makini hupokea roboti iliyoundwa na mmoja, wengine wakiwa wapiga picha. Hodari hupima kazi kabla ya kuigawa: iwe ngumu kiasi kwamba hakuna fani itakayoimaliza peke yake, na ndogo kiasi cha kumalizika ndani ya muhula. Huwaacha wakosee mapema, wakati vipande bado ni vya mbao laini na gundi.

Neno roboti lenyewe lilienea kutokana na tamthilia ya Karel Čapek ya mwaka 1920, na asili yake ni neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya shokoa. Kumbe kuiunda ni kazi isiyokubali shokoa! Unaweza kumlazimisha mwanafunzi kuhudhuria. Kumsikiliza mwenzake, hapana. Hilo huja lenyewe, usiku mita inapoonyesha volti zikiporomoka na watatu hao wakainamia namba moja.

Siku ya kuwasilisha kazi, mwalimu humgeukia wa programu na kumwuliza habari za gia. Kijana anaweka mkono juu ya gurudumu. Anaeleza kwa nini meno yaliongezwa, uzito gani ulitolewa, na betri ilipata nafuu gani. Wenzake wanatikisa vichwa kukubali. Mwalimu ananyamaza tena, na safari hii ni kwa sababu hana alilobakiza kuuliza.