Ukuta wa Makaburi na Geti la Kanisa: Tazama Maji Yanakopita

Anayetaka kujua ukuta mzuri aanzie magofu ya Kunduchi, Dar es Salaam. Pale, jirani na msikiti wa karne ya 15 au 16 hivi, yapo makaburi ya karne ya 18 yaliyozungushiwa kuta fupi za mawe ya matumbawe na chokaa, mengine yakiwa na nguzo zilizopachikwa bakuli za kaure. Ni makaburi ya Waislamu, lakini kamati ya ujenzi ya kanisa lolote, kuanzia Mwananyamala hadi Mbagala, ina la kujifunza pale.

Gusa chokaa ya zamani. Ni laini kuliko jiwe, na unyevu huingia na kutoka bila kuleta madhara. Ukuta wa namna hiyo ukizibwa kwa saruji, baada ya miaka michache utaikuta saruji nzima na jiwe la pembeni linapukutika: maji yamekosa pa kutokea, chumvi imeganda ndani ya jiwe na kulimenya. Sina ugomvi na saruji. Kiwanda cha Wazo, jirani hapohapo, kinaizalisha tangu 1966, tena kwa mawe ya matumbawe ya kale. Ila fundi anayekuja na mfuko wa saruji kuziba ukuta wa chokaa, mshukuru, mpe nauli.

Kwa ukuta wa tofali, achana na rangi. Kofia ya zege juu yake itokeze pande zote mbili, na chini ya ukingo wake pawe na mfereji mwembamba wa kukata tone lisirudi ukutani. Chini pawe na matundu ya kutolea maji, la sivyo masika yatausukuma.

Geti ndilo linalodanganya watu. Mafundi wa kuchomelea huliuza kwa maua, mikuki na msalaba wa katikati, na wazee wa kanisa huishia hapohapo. Wewe inama. Midomo ya mabomba ya mraba iwe imezibwa kwa bati na kuchomelewa mzunguko mzima. Iliyoachwa wazi hunywa maji na kuoza kwa ndani, hasa Msasani kwenye upepo wa chumvi. Kwenye viungo, pitisha ncha ya msumari: ikizama, hiyo ni puti, na chini yake huenda pana madoa mawili tu ya kushikizia. Mguu wa nguzo uzungukwe na zege lililoinuka kama mgongo wa kobe, kwani likibonyea, kutu huanzia hapo. Halafu fungua geti nusu, liachie. Likitembea lenyewe, nguzo imeinama au bawaba hazikunyooka.

Kamati iende karakana kulikagua geti likiwa bado na rangi ya kuzuia kutu peke yake, na salio la fundi lilipwe baada ya ukaguzi huo, si kabla.