Swichi Inayojua Kunyamaza

Fremu ya Fibre Channel haizidi baiti 2,148. Vumbi kidogo kwenye ncha ya waya wa faiba linatosha kuiharibu, na ikishaharibika hakuna wa kuituma tena. Kwenye mtandao wa kawaida wa ofisi TCP ingegundua pengo na kulijaza kabla mtumiaji hajanyanyua uso. Kwenye mtandao unaounganisha seva na makabati ya diski mambo si hivyo: fremu mbovu hutupwa, na seva hukaa ikingoja jibu la ombi lake hadi muda uishe. Katika Linux muda huo, usipoubadilisha, ni sekunde 30. Hifadhidata ikisimama sekunde 30, simu zinaanza kulia, na wa kwanza kulaumiwa ni msimamizi wa hifadhidata, ambaye hata chumba chenye waya ule hana ufunguo wake.

Ndiyo maana swichi hizi huhesabu makosa yao zenyewe, na kazi ya msimamizi ni kuziambia ni hesabu ipi inastahili kelele. Kwenye swichi za Brocade kazi hiyo kwa miaka mingi ilifanywa na Fabric Watch. Mwaka 2013, pamoja na Fabric OS 7.2, programu inayoendesha swichi hizo, ikaja MAPS, na toleo la 7.4 lilipotoka mwaka 2015, Fabric Watch ilikuwa imeondolewa kabisa. Fabric Watch iliendeshwa, na MAPS huendeshwa, kwa amri zinazoandikwa kwenye terminali. Ukizilinganisha unaona jinsi wahandisi walivyobadili mawazo kuhusu jambo moja: nani ana haki ya kuifanya swichi ipige kelele.

Fabric Watch ilianza na `fwConfigure`, menyu ya namba. Unachagua darasa, unachagua eneo, kisha unajibu maswali: kikomo cha juu, kikomo cha chini, muda wa kuhesabia, na kitu walichokiita bafa. Bafa ilikuwa wazo zuri. Joto likicheza juu na chini ya kikomo, bila bafa swichi ingetoa tahadhari kila digrii inapopanda na kushuka. Ikiwapo, joto linapaswa kurudi nyuma kiasi fulani kabla ya hali kuhesabiwa kuwa imetulia. Cisco, kwenye `port-monitor` ya swichi zake za MDS, hufika hapo hapo kwa njia nyingine: kikomo kimoja cha kupanda na kingine cha kushuka, mtindo uliorithiwa kutoka RMON, kiwango cha zamani cha kufuatilia mitandao.

Tatizo lilikuwa kwingine. Menyu ya namba haiingii vizuri kwenye skripti, kwa hiyo mwenye swichi 20 alijibu maswali yale yale mara 20. Amri za `thConfig` na `portThConfig` zilipunguza adha hiyo baadaye. Halafu kikomo kiliwekwa kwa darasa zima la poti. Seva moja ya majaribio na kabati la diski linalohudumia seva 40 zote zilikuwa F-port, yaani poti za kuunganisha vifaa, kwa hiyo zilipimwa kwa mizani moja. Ukikaza kikomo kwa ajili ya kabati, seva za majaribio zinakujazia sanduku la barua. Ukikilegeza kwa ajili ya seva, kabati linaumwa kimyakimya. Wengi walichagua kukaza, na baada ya mwezi tahadhari zikawa kelele za chura. Ng'ombe waliendelea kunywa maji.

MAPS iliuvunja uamuzi huo vipande vipande. Tazama amri hii:

`mapsrule --create crc_diski -group ALL_TARGET_PORTS -monitor CRC -timebase min -op ge -value 5 -action RASLOG,EMAIL`

Isome kama sentensi: kwenye poti zote za diski, makosa ya CRC, yaani fremu zilizoharibika njiani, yakifika 5 ndani ya dakika moja, andika kwenye logi na tuma barua pepe. Kundi limetengwa na kipimo, kipimo kimetengwa na kitendo. Makundi kama ALL_HOST_PORTS na ALL_TARGET_PORTS hujazwa na swichi yenyewe kulingana na kifaa kilichojitambulisha kwenye poti. Ukitaka kundi lako, `logicalgroup` hukubali mfano wa jina la poti au wa WWN, namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe. Mimi hupendelea WWN, kwa sababu jina hubaki kwenye poti hata fundi akihamisha waya, na mafundi huhamisha waya bila kuaga.

Kanuni zikishaandikwa hukusanywa kuwa sera. Zipo sera za kiwandani, kali, ya wastani na ya upole, nazo hazihaririki. Unanakili mojawapo kwa `mapspolicy --clone`, unaongeza kanuni zako, kisha unaiwasha kwa `mapspolicy --enable`. Hapa pana mtego: ukibadilisha kanuni ndani ya sera inayofanya kazi, badiliko halianzi hadi uiwashe sera upya. Hakuna kosa litakaloonekana kwenye skrini. Unaondoka ukiamini umemaliza, na swichi inaendelea na vikomo vya jana.

Kipande ninachokiona bora kuliko vyote ni kidogo na wengi hukipita: `mapsconfig --actions`. Hili ndilo lango kuu la swichi nzima. Kanuni inaweza kusema FENCE, yaani poti ifungwe, lakini kama FENCE haimo kwenye orodha ya lango, poti haifungwi. Inaonekana kama urasimu wa bure, kuomba ruhusa ya jambo ulilokwisha kuliandika. Sivyo. Unaweza kuwasha sera kali siku ya kwanza huku lango likiruhusu logi peke yake, ukaiacha wiki mbili, ukasoma `mapsdb --show` uone ni poti zipi zingefungwa na kwa sababu gani, ndipo ufungue lango. Usiku wa matengenezo unafunga kila kitu kwa `mapsconfig --actions none`, bila kugusa kanuni hata moja.

Lango nalo lina uchungu wake. Orodha unayoandika hufuta iliyotangulia. Ukitaka kuongeza EMAIL ukaandika EMAIL tu, logi imekwenda. Na barua pepe yenyewe ni mnyororo wa viungo vinne: kanuni iitaje, lango liiruhusu, anwani iwekwe kwa `--emailcfg`, na swichi ijue seva ya barua kupitia `relayconfig`. Kiungo kimoja kikikatika hupati kitu, na kutopata tahadhari hufanana sana na kuwa salama. Ipo `mapsconfig --testmail`, itumie.

Kuhusu kufunga poti msimamo wangu ni mkali kuliko wa wauzaji. Seva nyingi zina njia mbili kwenda kwenye diski, kila moja kupitia swichi zake, kwa hiyo kufunga njia mbovu ya seva moja ni tiba: programu ya njia nyingi itahamia upande mzima badala ya kuhangaika na upande unaotapika makosa. Lakini swichi ya upande mmoja haiulizi kama upande wa pili uko hai. Pia swichi za Brocade huanza kuipitisha fremu kabla haijaingia yote, kwa hiyo fremu iliyoharibikia mbali huongeza hesabu ya CRC kwenye kila swichi inayoipitia. `porterrshow` inazo safu mbili, `crc err` na `crc g_eof`. Ya pili ndiyo huonyesha kiungo ambako uharibifu ulianzia. Asiyeijua tofauti hiyo humhukumu aliyebeba barua badala ya aliyeichana. Ndiyo maana kwenye viungo vya swichi na swichi naacha FENCE nje.

Kwa waliotoka Fabric Watch, Brocade iliweka `mapsconfig --fwconvert`, inayogeuza vikomo vya zamani kuwa sera za MAPS. Ni daraja la heshima, ila linavusha na uchafu wote: vikomo vilivyowekwa na mtu aliyeacha kazi, kwa vifaa vilivyokwisha kuuzwa chakavu. Kuwasha MAPS hakukuwa na kurudi nyuma isipokuwa kwa kushusha toleo la programu ya swichi. Ningeanza na sera ya wastani, nikaihariri.

Kama una swichi ya aina hii chini ya mkono wako, ingia leo uandike `mapsconfig --show`. Tafuta mstari wa Configured Notifications. Ukikuta neno moja au hakuna, usiguse kanuni yoyote kabla hujajua nani alilifunga lango hilo, na lini.